Walimu wa karate na taekwondo, tazameni mguu uliosimama

NguzoYaTeke (Nakuru)

Wadau, habari za jioni.

Jumamosi asubuhi nilipita ukumbi mmoja karibu na Uwanja wa Afraha, nikasimama mlangoni kuwatazama vijana wakipiga teke la mzunguko kwenye padi. Walikuwa kumi na wawili. Kwa mazoea yangu sikutazama mguu unaopaa, nilitazama ule unaobaki sakafuni. Tisa kati yao unyayo ulibaki umeelekea mbele kana kwamba umepigiliwa misumari, na huku juu kiuno na mabega vimeshageuka. Mwalimu wao alikuwa anasifu urefu wa teke. Nimekaa na jambo hili siku tatu, nikaona afadhali niliandike.

Goti ni bawaba. Limeumbwa likunje na kukunjua, na kuzunguka kwake ni kidogo mno. Kiungo cha kuzunguka ni nyonga. Sasa ukipiga teke la mzunguko, wenyewe wa karate wanaliita mawashi geri na wa taekwondo dollyo chagi, kiuno chako chote kinageuka juu ya mguu mmoja. Unyayo ukigeuka nacho, mzunguko unapita salama mpaka sakafuni. Unyayo ukikataa, mfupa wa paja unaendelea kuzunguka, mfupa wa muundi umesimama, na kinachosokotwa katikati ni goti: zile gegedu mbili zenye umbo la mwezi mchanga, kano ya upande wa ndani, na ile kano ya msalaba ya mbele iliyojificha katikati ya kiungo. Hiyo ya mwisho ikikatika kabisa, kwa kawaida haijiungi yenyewe.

Yangu ilikatika mwaka 2011. Nilikuwa na miaka 22, tunafanya mazoezi kwenye saruji tupu, na siku hiyo nilivaa raba za soli mpya kwa sababu sakafu ilikuwa ya baridi. Nilirusha teke la kulia kwa nguvu zangu zote. Soli ya kushoto ikang'ang'ania. Nikasikia mlio ndani ya goti, kama kijiti kikavu kinapovunjwa, na wenzangu wawili wakausikia. Kufika jioni goti lilikuwa limevimba hata suruali haipiti. Mwalimu wangu wa wakati ule aliniambia maumivu ndiyo bei ya mkanda, nami nikarudi baada ya siku nne. Wiki tatu nilifanya mazoezi juu ya goti lisilo na kano, na katika wiki hizo nikaipasua na gegedu. Mpaka leo nikishuka ngazi nashika ukuta. Nafundisha watoto, lakini teke la kuruka sijapiga tangu siku ile. Simshtaki aliyenifundisha, maana naye alifundishwa hivyohivyo. Ninachotaka ni mnyororo huo ukatike.

Mimi mwanafunzi mpya hapigi teke wiki ya kwanza. Anashika ukuta, anainua goti, na kazi yake ni kugeuza mguu uliosimama tu. Uzito unahamia mbele ya unyayo, kisigino kinainuka unene wa karatasi, kisha kinazunguka mpaka kielekee kule teke linakokwenda. Nimegundua kwamba ukimwambia mtoto "geuza mguu" anageuza vidole nusu, lakini ukimwambia "mwonyeshe mwenzako kisigino" anageuka wote. Goti la mguu huo linakunjwa kidogo, halikazwi. Halafu kuna mpangilio: unyayo, nyonga, goti la juu, ndipo muundi unafunguka mwisho. Wengi hufungua mguu kwanza, wakaja kuuburuta mwili nyuma yake.

Baada ya kugonga, goti lirudi kifuani kabla mguu haujashuka. Anayeuangusha mguu mbele ovyo hutua goti likiwa limelalia ndani, na kutua kwa namna hiyo kumewakata watu kano hata bila mpinzani kuwagusa.

Teke la mbele, kunja vidole kuelekea juu, ugonge na ule mto ulio chini ya vidole. Teke la ubavu, kisigino na ukingo wa nje wa unyayo. Haya mawili nayaacha hapo.

Lakini la hewani siliachi. Begi husimamisha mguu wako. Hewa haisimamishi chochote, kwa hiyo goti lenyewe ndilo linakuwa breki. Ukipiga mateke mia hewani kwa nguvu zote, mguu ukifunguka mpaka mwisho, umeligongesha goti mara mia. Hewani fanya umbo na wepesi, uache mkunjo mdogo. Nguvu peleka kwenye begi.

MkandaKahawia (Kondele, Kisumu)

Asante kwa somo, mwalimu. Ya unyayo nakubali. Jana usiku nilijijaribu mbele ya kioo nikakuta nikipiga kwa mguu wa kulia, wa kushoto haugeuki hata robo.

Ila huku kwetu hatuna mikeka. Tunakodi ukumbi wa kanisa, sakafu ni vigae, na ikifika saa kumi jioni joto la Kisumu limetutoa jasho mpaka vigae vinateleza kama sabuni. Ukituambia tugeuke juu ya mbele ya unyayo, tutaanguka. Begi letu tumelishona wenyewe, magunia mawili ya mahindi, tukajaza mchanga wa mto. Na miundi tunaikomaza kwa chupa ya soda, tunaiviringisha juu chini kila jioni. Mimi sasa hata nikigongwa fimbo sisikii kitu. Hayo nayo ni makosa? Waliotutangulia ndivyo walivyofanya, na walikuwa wakali.

NguzoYaTeke (Nakuru)

Ndugu yangu wa Kondele, umeuliza mambo ya kweli, nitayajibu yote.

Vigae kwanza. Mateke yawekeni mwanzo wa kipindi, mara tu mwili ukishapata moto na kabla sakafu haijalowa. Kata, ile mipangilio ya mapigo ya karate, na ngumi zije baadaye. Kila raundi mmoja wenu apitishe tambara kavu, na kila mtu awe na taulo la nyayo. Mkitaka kitu cha kudumu, nendeni kwa maseremala mkaombe maranda, myatandaze unene wa kiganja ndani ya fremu ya mbao, mfunike kwa turubai lililovutwa likakaza. Turubai lisiwe na mkunjo hata mmoja, maana vidole vikinasa kwenye mkunjo mwili ukiwa unageuka, mmerudi kulekule kwa soli yangu. Nyasi pia zina shida hiyo, zinashika mguu. Uwanjani pigeni mateke ya chini na ya polepole.

Begi la mchanga litoeni hata kesho. Mchanga hushuka. Baada ya mwezi juu kunabaki gunia legevu na chini kuna kitu kigumu kama jiwe, na teke la chini ndilo linalokutana na jiwe hilo. Mafundi cherehani pale soko la Kibuye hawakosi vitambaa vya kutupa. Jazeni vitambaa, mkishindilia kila tabaka kwa mti. Mkitaka uzito, mchanga kidogo uwekwe kwenye mfuko wake na ukae katikati kabisa, uzungukwe na vitambaa pande zote.

Sasa chupa. Mwaka 1892 mpasuaji wa Kijerumani, Julius Wolff, aliandika kwamba mfupa hujijenga kufuata mzigo unaobebeshwa. Aliyosema bado yanafundishwa. Mzigo wenyewe ni ule wa kupiga begi laini mara nyingi, kuruka kamba, kukimbia, na kisha kupumzika ili mfupa upate nafasi ya kujenga. Hiyo ni kazi ya miezi na miaka. Chupa haiubebeshi mfupa mzigo wowote wa maana, inasugua ngozi na ule utando mwembamba unaoufunika mfupa. Unaposema husikii fimbo, kilichopungua ni hisia. Na hisia ndiyo kengele ya kukwambia mfupa umeanza kupata ufa. Bonyeza muundi wako kwa kidole gumba toka juu mpaka chini. Ukikuta pahali pamoja padogo, kama sarafu, panauma kuliko kwingine, na ukiruka kwa mguu huo mmoja panauma zaidi, acha mateke na uende ukapigwe picha.

Hata mfupa uliokomaa una mwisho. Tarehe 28 Desemba 2013, Las Vegas, kwenye pambano la UFC, yale ya kuchanganya ngumi, mateke na mieleka, Anderson Silva alipiga teke la chini, Chris Weidman akainua goti, na mguu wa Silva ukavunjika mifupa yote miwili. Huyo alikuwa bingwa wa miaka mingi. Tarehe 24 Aprili 2021 Weidman mwenyewe akavunjika namna ileile, sekunde 17 tangu pambano lake na Uriah Hall lianze, kwa teke la kwanza kabisa. Wote wawili muundi ulikutana na pahali pagumu, karibu na goti la mpinzani. Kwa hiyo teke la chini lisitupwe peke yake likiwa wazi, lifiche nyuma ya ngumi ili mwenzako asipate nafasi ya kuinua goti. Na begi ligongeni kwa muundi, kama shubiri moja juu ya kifundo. Ukiona unaligonga kwa mgongo wa unyayo, uko mbali, sogea hatua. Ile mifupa midogo ya juu ya unyayo haikuumbwa kwa kazi hiyo.

MamaWawili (Milimani, Nakuru)

Mwalimu, samahani, mimi si mchezaji, ni mzazi. Binti yangu ana miaka 11, ameanza taekwondo mwaka huu na anaipenda sana. Juzi amerudi anatembea miguu wazi. Kumuuliza, anasema mwalimu aliwaketisha msamba halafu akawakalia mgongoni "wafunguke". Kesho yake alishindwa kukaa darasani. Nimemwambia apumzike, analia kwamba atapitwa na wenzake. Nifanyeje? Na je, ni kweli mtoto lazima aumie ndipo awe mwepesi?

NguzoYaTeke (Nakuru)

Mama, si kweli, na nakuomba usimrudishe mpaka umeongea na mwalimu huyo uso kwa uso. Mtu mzima kumkalia mtoto mgongoni akiwa kwenye msamba ni jambo la kukomeshwa. Haliitwi mafunzo.

Mwili wa mtoto wa miaka 11 bado unakua. Kwenye ncha za mifupa yake mirefu na pale misuli mikubwa inaposhikilia nyonga kuna sehemu laini ambazo bado hazijawa mfupa. Msuli ukivutwa kwa nguvu kuliko uwezo wake, kinachong'oka kwa mtoto mara nyingi ni kile kipande laini cha mfupa, wakati kwa mtu mzima ungekatika msuli. Maumivu yakiwa kwenye kinena au chini ya tako mahali msuli unapoanzia, na akiwa anachechemea baada ya siku mbili tatu, mpeleke akaonwe.

Akirudi, msamba wake aushushe mwenyewe, mikono ikiwa sakafuni ikibeba uzito, akomee pale anapohisi kuvutwa bila kuuma, akae nusu dakika akipumua, ainuke. Kila siku kidogo, tena baada ya mazoezi mwili ukiwa moto. Kwa miezi michache atashangaa. Na kuna watu ambao tundu la nyonga yao ni la kina, msamba kamili hawataufika hata wakijaribu miaka, nao wanapiga mateke mazuri ya kiunoni yanayoshinda mapambano.

Pia kama siku moja atakulalamikia maumivu kwenye kile kinundu kilicho chini ya kifuniko cha goti, usidhani anatega. Huwapata sana watoto wanaorukaruka wakati wa kukua haraka. Apunguziwe kuruka, na kwa kawaida huisha akimaliza kukua.

KanduyiMkandaBluu (Bungoma)

Mulembe wadau. Mimi niko Bungoma, na huku tangu Faith Ogallo wa Chuo Kikuu cha Kibabii afuzu Olimpiki ya Tokyo, wasichana wanaotaka taekwondo ni wengi, jambo la kujivunia. Swali langu ni msuli wa nyuma ya paja. Umenivutika mara tatu mwaka huu, mguu uleule, kila mara nikipiga teke la kichwani. Tena huwa nanyoosha misuli vizuri kabla ya kuanza, nakaa chini nashika vidole dakika mbili mbili. Kwa nini unakatika?

TabibuWaViungo (Kakamega)

Niruhusuni hapa, hii ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Ndugu wa Kanduyi, huko kukaa dakika mbili ukishika vidole ndiko kwanza nitakakokutoa. Msuli ukivutwa kwa muda mrefu bila kusogea, kupita dakika moja hivi, kwa muda mfupi unaofuata hupungua nguvu, na wewe ndipo unautaka ulirushe teke la kichwani. Kabla ya mazoezi kimbia taratibu, ruka kamba, bembeza mguu mbele na nyuma ukianzia chini ukipandisha kidogo kidogo, inua magoti, piga mateke ya chini, ya kiuno, halafu ndipo ya juu. Dakika kumi kwa Kisumu zinatosha. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa wanaoanza saa kumi na mbili asubuhi hata dakika kumi na tano si nyingi. Kuvuta kwa utulivu wekeni mwisho.

Pili, msuli wako uliwahi kukatika na ukarudi kabla haujapata nguvu. Jeraha la zamani ndilo linaloita jipya. Piga magoti juu ya kitu laini, mwenzako akushike vifundo kwa nguvu, ujiangushe mbele polepole mwili ukiwa umenyooka toka magotini mpaka kichwani, ukizuia kwa nyuma ya mapaja mpaka ushindwe, ujidake kwa mikono. Anza na mara tatu tu, siku mbili kwa wiki, uongeze taratibu. Wiki ya kwanza utaumwa kweli. Tafiti kwa wachezaji wa kandanda zimeonyesha zoezi hili hupunguza majeraha ya msuli huo kwa takriban nusu. Halihitaji mashine wala pesa.

Na kwa kuwa niko hapa, niseme la kukandwa, kwa sababu nawaona wengi wakija wamechelewa. Mtu akiumia goti au kifundo jioni, usiku analetewa mzee wa kuchua, maji ya moto, na dawa inayowaka. Siku mbili tatu za kwanza damu bado inavuja ndani. Kukanda na kuchoma vinaongeza uvimbe, na kama kuna mfupa umevunjika, umeukoroga. Siku hizo funga bandeji isiyobana sana, inua mguu juu ya mto, usinywe pombe. Barafu hutuliza maumivu, dakika kumi ndani ya kitambaa, lakini isiwe tiba ya wiki nzima. Daktari Mmarekani Gabe Mirkin, aliyeeneza mwaka 1978 ule ushauri wa kupumzika na barafu, mwaka 2014 aliandika mwenyewe kwamba barafu inaweza kuchelewesha kupona. Maumivu yakipungua anza kusogeza kiungo na kukikanyagia kidogo kidogo.

Kifundo, jaribu hatua nne. Kama hukuweza kupiga hatua nne pale ulipoumia, na bado huwezi ukifika kituo cha afya, au ukibonyeza ncha na ukingo wa nyuma wa zile fundo mbili panauma kwenye mfupa, unahitaji eksirei. Goti lililotoa mlio na kuvimba ndani ya saa chache, kama la mwalimu aliyeanzisha mjadala huu, mwenye nalo mchukulie kuwa amekatika kano mpaka apimwe. Goti linalokwama likakataa kunyooka ni la kuonwa haraka.

MkandaKahawia (Kondele, Kisumu)

Mwalimu, nimerudi. Mchanga tumeumwaga, wote. Wenzangu wawili walinuna kwa sababu ya kazi tuliyofanya kuubeba, lakini tulipofungua gunia chini tukakuta umeshikana kama tofali, wakanyamaza. Vitambaa tumepata magunia matatu, fundi mmoja mama hakutaka hata shilingi.

Kuhusu chupa, nimebonyeza muundi kama ulivyosema. Wa kulia kuna pahali. Naenda Jumatatu.

Nataka kuuliza, nikiwa peke yangu bila mwalimu, nitajuaje mguu umegeuka kweli? Kioo kinanidanganya, nikijitazama kichwa kinageuka na teke linaharibika.

NguzoYaTeke (Nakuru)

Umefanya vyema kwenda, na mpaka ujibiwe usigonge chochote kwa mguu huo.

Kwa jambo la kioo, tumia chaki. Sugua chaki ya darasani chini ya unyayo utakaosimama, mbele kwenye ule mto na nyuma kwenye kisigino. Simama pahali pamoja sakafuni, piga mateke kumi ya kiunoni, polepole, halafu sogea utazame chini. Mguu uliogeuka vizuri huacha mviringo uliosuguka mahali pamoja mbele, na kisigino kimechora upinde mwembamba au hakikugusa kabisa. Mguu uliokwama huacha unyayo mzima, umesimama kama wa mtu aliyekuwa anangoja matatu.

MkandaKahawia (Kondele, Kisumu)

Nimefanya leo na vijana sita, mguu wa kushoto ndio uliosimama. Wanne wana mviringo. Mmoja unyayo mzima. Mimi nimepiga bila kugonga kitu, polepole, mviringo upo lakini umevutika kuelekea nyuma, kama mkia.

NguzoYaTeke (Nakuru)

Huo mkia ni mwili unaokimbia teke. Kiwiliwili kinaegemea nyuma mno, uzito unakwenda kisigino katikati ya mzunguko. Shusha teke lifike usawa wa paja, sukuma nyonga mbele wakati goti linapopanda, upake chaki tena. Yule wa unyayo mzima mrudishe ukutani wiki moja, bila teke, ageuze tu.